Tarumbeta la Udongo

Chenene mtazame mikono kwanza. Nasema mikono ingawa mdudu ana miguu tu, sita kama wenzake wote, kwa sababu jozi ya mbele ya chenene imeiachia miguu mingine kazi ya kutembea. Ni mifupi, minene, imegeukia nje, na kila mmoja unaishia kwenye bapa pana lenye meno manne magumu ya rangi ya kahawia iliyokolea. Kando ya meno hayo kuna vipande viwili vingine, navyo vikali, vinavyopita juu ya bapa kila mkono unapofunguka na kufungika. Mzizi ukiingia katikati unakatwa. Ukipanda juu kidogo kwenye muundi wa mkono huohuo unakuta mwanya mwembamba, na ndani yake ngozi laini iliyowambwa. Hilo ndilo sikio. Chenene husikia kwa mkono uleule anaochimbia, ule unaopasua udongo na kukata mizizi usiku kucha, na sikio halijai mchanga.

Sijui kama kuna fundi mwingine aliyewekewa vifaa vyake karibu hivyo.

Hapa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, tunakutana naye mvua inapokolea, ile ndefu ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba. Jioni baada ya mvua kunyesha, kumbikumbi hujaa chini ya mulika mwizi, zile nguzo ndefu za taa zilizosimama Umoja, Kayole, Dandora na mitaa mingine, na watoto hutoka na mabeseni. Katikati ya kumbikumbi huanguka mdudu mzito zaidi, wa kahawia, wa urefu wa kama sentimita 3, mwili umefunikwa vinyweleo vifupi kama mahameli. Hatui kwa ustadi. Anajibwaga, anajigeuza, na mara moja anatafuta pa kuingilia ardhini. Watoto wengi humruka. Ukimwokota na kumfumba kiganjani utajua sababu ya mikono ile: anaingiza vidole vyake kati ya vidole vyako, anasukuma kwa nje, na ngumi yako inaachia. Nguvu hiyo kutoka kwa kiumbe mwepesi hivyo hunishtua kila mara, hata sasa ninapoijua.

Mweke juu ya udongo ulioloa umwangalie bila haraka. Haparuzi na kutupa nyuma kama kuku au mbwa. Anachomeka kichwa na ule mgongo wa mbele ulio mgumu na wa duara, kisha mikono inafagia pande mbili kwa pamoja, na udongo unabanwa ukutani. Chenene hulitengeneza tundu lake kwa kulishindilia. Ndiyo maana njia zake za juujuu huonekana kama mistari iliyovimba ardhini, na ndiyo maana ukuta wa ndani hubaki umesimama bila kuporomoka. Katika udongo laini baadhi ya spishi zinaweza kusafiri mita 6 kwa usiku mmoja. Njiani anaweza kurudi kinyumenyume kwa kasi ileile aliyoendea mbele, maana nyuma ana mikia miwili yenye nywele inayopapasa ukuta, na mabawa yake ya kurukia yamekunjwa kwa mistari mingi hadi kuwa vijiti viwili vyembamba vya mgongoni. Miguu ya nyuma, ambayo kwa panzi na nyenje ni ya kurukia, kwake ni mifupi na ya kusukumia.

Mkulima wa Kiambu au Nyeri anamjua fuko, na atadhani chenene ameiga kwake. Hapana. Fuko wetu wa nyanda za juu huchimba kwa meno ya mbele, kisha husukuma udongo nje. Anayefanana na chenene ni mnyama mwingine wa Ulaya, asiye na undugu wa karibu na fuko huyu, anayechimba kwa viganja vipana vilivyogeukia nje. Ukiviweka viganja vyake kando ya mikono ya chenene, umbo ni lilelile, pembe ileile, hata namna ya kufagia ni ileile. Mmoja ana mfupa ndani ya nyama, mwingine ana gamba nje na nyama ndani. Mababu zao waliachana kabla ya kuwapo kwa samaki mwenye taya, na bado ardhi imewapa jibu moja. Chenene alilipata mapema: mabaki ya jamaa zake waliogeuka mawe yamechimbuliwa Brazili, katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100, nao tayari walikuwa na mikono ya kuchimbia.

Lakini kuchimba ni nusu tu ya ufundi wake, na nadhani ni ile nusu ndogo. Wengi huchimba. Kinachonifanya nikae kandokando ya mtaro giza likiingia ni kile anachokijenga dume anapotaka kuimba.

Nyenje wa kawaida hulia kwa kusugua bawa kwa bawa. Bawa moja lina mshipa wenye meno madogo, lingine lina ukingo wa kukwangua, na sehemu nyembamba ya bawa hutetemeka na kutoa sauti. Chenene ana vifaa hivyohivyo, na mabawa yenyewe ni madogo. Hapo ndipo penye taabu. Mlio wa mitetemo 3,500 kwa sekunde una wimbi la hewani lenye urefu wa karibu sentimita 10. Bawa la sentimita moja au mbili likipiga hewa kwa mlio huo, hewa nyingi hukimbia pembeni na kuzunguka nyuma, na nguvu ya msuli hupotea bila kusikika. Nyenje wengi wanaishi na hasara hiyo. Wengine hukaa katikati ya tundu la jani ili kuipunguza. Chenene alijenga tarumbeta.

Tarumbeta lenyewe liko hivi, kwa spishi zilizopimwa vizuri. Kutoka kwenye njia yake ya chini, dume huchimba chumba cha mviringo, kidogo, kinachomtosha kichwa na mwili wa mbele. Mbele ya chumba huacha shingo iliyobanwa. Baada ya shingo, tundu hupanuka polepole, na kupanuka huko hakuendi ovyo: upana huongezeka kwa mfuatano kadiri unavyopanda, kama wanavyofanya mafundi wa matarumbeta ya shaba. Karibu na uso wa ardhi tundu hugawanyika mara mbili na kutokeza kwa midomo miwili mirefu iliyopangwa kwa mstari mmoja. Dume huingia kichwa kikielekea ndani ya chumba, mkia ukielekea nje, na mabawa yake yanakaa sawasawa kwenye shingo. Akiimba, hewa iliyobanwa pale haina pa kukwepa. Inapita katika tundu linalopanuka na kutoka kwa midomo ikiwa imejaa. Chumba cha nyuma, kikiwa na ukubwa unaofaa, huitikia mlio uleule na kuusawazisha.

Aliyelipima jambo hili kwa makini ni Henry Bennet-Clark, mtafiti wa Kiingereza, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1970. Alifanya kazi Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu, na akiwa huko alimsikia chenene ambaye mlio wake haukuwa wa spishi iliyojulikana. Alimpa jina Gryllotalpa vineae. Huyu hulainisha kuta za tarumbeta lake mpaka halina kokoto wala mzizi unaochomoza. Usiku mtulivu mtu aliweza kumsikia kutoka mita 600. Kwa hesabu za Bennet-Clark, karibu asilimia 35 ya nguvu ya misuli iligeuka kuwa sauti. Spika nyingi zinazouzwa madukani haziifikii hata sehemu ya kumi ya kiwango hicho. Jirani yake, chenene wa kawaida wa Ulaya, Gryllotalpa gryllotalpa, hujenga tarumbeta lenye kuta zisizolainishwa vile, huimba kwa mlio mzito wa mitetemo kama 1,600, na sauti yake haiendi mbali kiasi hicho. Wote wawili wana mikono ileile. Tofauti ni kiasi cha kazi kinachowekwa kwenye ukuta.

Mwaka 1996 Bennet-Clark, pamoja na A. G. Daws na Neville Fletcher, walichapisha kazi nyingine kuhusu chenene wa Australia, Gryllotalpa australis, na hiyo ndiyo iliyonipa heshima ya kudumu kwa mdudu huyu. Walionyesha kwamba dume hulirekebisha tarumbeta kwa kulijaribu. Huchimba, kisha hulia kwa vipande vifupi. Huacha, hugeuka, hukwangua hapa na kushindilia pale, kisha hulia tena. Pale Kamukunji, ng'ambo ya Gikomba, fundi wa bati hugonga faneli, huigeuza kwenye mwanga, huiangalia, hugonga tena mpaka jicho litosheke. Chenene hana mwanga. Anafanya hivyo kwa sikio, na sikio, kumbuka, liko kwenye mkono unaorekebisha. Tarumbeta likikaa sawa na mlio wa mabawa, vipande vifupi vinaisha na wimbo mrefu usiokatika unaanza.

Midomo miwili nayo ina kazi yake. Ukiwa na matundu mawili yanayotoa sauti moja kwa wakati mmoja, sauti haimwagiki sawasawa kila upande. Hukusanyika katika ukanda unaopanda juu na kukata mstari wa tundu. Na jike anakuja akiruka. Dume yuko chini ya ardhi lakini amelenga angani.

Anayejua Nairobi atauliza kama yote haya yanawezekana katika udongo wetu. Upande wa magharibi wa mji una udongo mwekundu. Sisi tumepewa ule mweusi, unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kunata kiatuni mvua ikinyesha. Wajenzi huuchukia. Huuchimba wote mpaka wafike mwamba kisha hujaza mawe kabla ya kuweka msingi. Chenene naye hapendi ukiwa mkavu. Kiangazi hushuka chini kufuata unyevu, au hujikusanya penye maji: kingo za Mto Ngong na Mto Nairobi, mitaro isiyosakafiwa, mashamba madogo ya sukuma wiki na terere, kiwanja cha shule chenye bomba linalovuja. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unakuwa mfinyanzi hasa, unaobeba umbo unalopewa, na usiku huo unasikia matarumbeta mapya. Tafiti za Marekani zimethibitisha kitu ambacho sikio linashuku: katika udongo wenye unyevu mlio huwa mkubwa zaidi, na majike wengi zaidi huenda kwenye mlio mkubwa. Jike anayemchagua dume mwenye sauti anachagua pia ardhi ambayo mayai yake hayatakauka.

Ardhi hiyo inapungua, na hili linanihuzunisha waziwazi. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilipangwa kwa nyua pana za nyasi katikati ya nyumba. Buruburu ya miaka ya 1970 ilikuwa na bustani ndogo mbele ya nyumba nyingi. Leo bustani hizo ni maduka, ni vyumba vya kupangisha, ni maegesho. Pipeline na sehemu kubwa ya Umoja ghorofa zimesimama ukuta kwa ukuta, na palipobaki uwazi pamewekwa kabro, yale matofali ya kusakafia. Uwanja wa Camp Toyoyo pale Jericho una nyasi bandia, na nimefurahi kwa vijana wanaocheza humo bila vumbi. Hata hivyo chenene hawezi kupenya pale. Kabro moja ya ploti haimdhuru mtu. Mtaa mzima wa kabro ni mtaa usio na mlango wa kuingia ardhini, na mvua nayo inakosa mlango huohuo, kama tunavyoona kila mwaka barabara zinapogeuka mito.

Wetu ni Gryllotalpa africana. Mfaransa Palisot de Beauvois alimwandika mwaka 1805 kutokana na mdudu wa Oware, katika nchi inayoitwa leo Nijeria. Kwa muda mrefu baadaye, karibu kila chenene wa ukubwa ule, kutoka Afrika hadi Japani na Australia, aliitwa africana. Mwaka 1983 B. C. Townsend wa makumbusho ya viumbe ya London alichapisha uchambuzi wa chenene wa Afrika na kuwatenganisha: wa Asia ni spishi nyingine, Gryllotalpa orientalis, na africana ni wa bara letu. Akaongeza pia majina mapya kwa spishi za Afrika zilizokuwa zimefichwa chini ya jina hilo moja. Kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi. Inahitaji mtu akae na masanduku ya wadudu waliokaushwa, apime mishipa ya bawa mmoja baada ya mwingine, na asikubali kufanana kwa juujuu.

Ulaya mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kuna chenene ambao macho hayawezi kuwatenga kabisa. Watafiti wa Italia walihesabu kromosomu, wakakuta idadi tofauti, na wakazipa spishi majina ya hesabu hizo kwa Kilatini: quindecim ni 15, sedecim ni 16, octodecim ni 18. Nyimbo pia hutofautiana. Dunia nzima sasa ina zaidi ya spishi 100 zilizopewa majina, na sina shaka sikio litaleta nyingine.

Katika hao wote ninayetamani kumsikia ni Gryllotalpa major wa mbuga za Marekani, katika majimbo kama Oklahoma na Missouri, mmoja wa wakubwa kuliko wote katika Amerika Kaskazini. Madume yake hukusanyika uwanja mmoja na kuchimba matarumbeta karibukaribu, na jike hupita juu akiwalinganisha. Mbuga hizo zimelimwa karibu zote, naye amebaki vipande vipande. Uingereza chenene wa kawaida alikuwa mdudu wa malisho yenye maji. Mabonde yalipokaushwa akawa nadra mno hata kumwona mmoja ni habari. Japani sauti yake ina historia ya pekee: washairi wa haiku kwa vizazi waliandika kuhusu nyungunyungu wanaoimba usiku wa vuli, na mwimbaji halisi alikuwa chenene aliye chini ya miguu yao. Ufilipino, katika mkoa wa Pampanga, humkaanga kwa siki na kitunguu saumu. Mtu aliyekulia kwenye kumbikumbi hana sababu ya kushangaa.

Kusini mwa Marekani ni hadithi nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 spishi tatu kutoka Amerika Kusini, za jenasi Neoscapteriscus, zilifika katika bandari za huko, na hakuna adui aliyekuja nazo. Hao wana meno mawili mkononi badala ya manne, nao waliharibu malisho na nyasi za viwanja kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1980 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Florida walikwenda kuwatafuta maadui wao walikotoka. Uruguay walipata mnyoo mdogo sana wa kwenye udongo. Bolivia walipata nyigu aitwaye Larra bicolor, ambaye humtoa chenene kwenye njia yake, humchoma, humtagia yai moja, kisha chenene huzinduka na kurudi chini akiwa amebeba mauti yake. Na Brazili walimpata nzi Ormia depleta, anayeruka usiku na kumtafuta dume kwa kuufuata wimbo wake. Huyu ndiye anayenigusa. Tarumbeta lililojengwa kumwita mke humwita na nzi, na kadiri ufundi ulivyo bora ndivyo mwaliko unavyowafikia wote wawili. T. J. Walker wa chuo hichohicho alitumia ukweli huo kwa namna yake: aliweka spika zinazotoa wimbo wa chenene juu ya faneli kubwa, na usiku wa majira yao walishuka kwa wingi kutoka angani.

Kwetu adui anayeonekana mchana ni kwarara, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda anayepita asubuhi akipiga kelele juu ya mapaa. Anachomeka mdomo kwenye nyasi zilizoloa, anatulia, anachomeka tena hatua moja mbele. Ncha ya mdomo wake ina vishimo vya fahamu vinavyopokea mtikisiko wa mdudu ndani ya ardhi. Yeye na chenene wanasikilizana kupitia udongo mmoja.

Sitaki kumtetea chenene kwa uongo. Anakata miche. Mzee mmoja anayelima kando ya Mto Ngong, chini ya Donholm, alinionyesha mstari wa sukuma wiki alioupanda jana yake. Miche mitatu ilikuwa imelala, imekatwa pale shina linapoingia ardhini, na karibu yake palikuwa na ule uvimbe mwembamba wa njia. Nilimsalimia, nikamuuliza atafanya nini. "Kijana wangu," akasema, "nitafanya vile nafanyanga," na akatoa kwenye gunia chupa za plastiki alizozikata vipande kama bangili. Kila mche mpya aliuvisha kipande chake, nusu ndani ya udongo, nusu juu. Mche ukishakomaa shina linakuwa gumu na chenene anaacha. Dawa alisema hanunui, maana maji ya shamba ni ya mto, na mto una watu chini yake. Kwenye viwanja vya nyasi huko Marekani watu hutumia njia nyingine rahisi ya kujua kama chenene yupo: maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo yakimwagwa juu ya njia yake, hutoka mwenyewe baada ya dakika chache. Nilimweleza mzee. Alisema sabuni ni ya mama watoto.

Jike hana tarumbeta, lakini ana ujenzi wake. Hushuka chini zaidi, huchimba chumba cha ukubwa wa yai dogo la kuku, hushindilia kuta zake mpaka zishike unyevu, na hutaga humo. Wa spishi ya Ulaya hutaga mayai kati ya 100 na 350 na kukaa nayo. Huyageuza na kuyalamba yasiote ukungu. Watoto wakianguliwa wana umbo la mzazi tayari, mikono ikiwa kamili, ila hawana mabawa. Huambua gamba mara kadhaa wakikua. Ulaya ambako baridi ni kali hilo linaweza kuchukua miaka 2 au 3; Afrika Kusini, africana humaliza mzunguko wake kwa mwaka mmoja. Wakati wote huo dume anachimba bila kuimba. Mabawa yakikomaa analijenga tarumbeta, na hakuna aliyemwonyesha lingine, kwa kuwa lile la baba yake lilibomoka mvua zilizopita. Hata lake mwenyewe huwa analikarabati au kulichimba upya anapoanza kuimba.

Ukitaka kumsikia, subiri jioni ya mvua iliyokwisha kunyesha mchana. Nenda saa kumi na mbili na nusu, jua likishazama, mahali penye udongo mtupu au nyasi fupi karibu na maji: ukingo wa mto, mtaro wa shule, ua la Kaloleni. Matatu zitakuwa zinapiga honi Jogoo Road, na utadhani hakuna kitu kinachoweza kupenya kelele hizo. Sauti yake ni mkoromo mmoja wa juu, hauna vipande, hauna pumzi, na mwanzoni utasema ni waya wa umeme. Usimfuate moja kwa moja. Hatua zako anazipokea ardhini na atanyamaza ukiwa mbali bado. Simama mahali pa kwanza, nyosha mkono kuelekea sauti. Sogea pembeni polepole, nyosha tena. Pale mistari miwili inapokutana ndipo alipo. Kisha chuchumaa, usimulike, umpe muda. Atarudi na vile vipande vifupi kwanza, akijaribu. Weka kijiti mahali hapo, urudi alfajiri, na utaiona midomo miwili kwa mstari mmoja, kila mmoja mwembamba kuliko kidole, kingo zake zimelainishwa.